Uchochoro wa Dada Bupe

"Eveline, mtandao wako umekufa tena."

Siku hizi simu za Dada Bupe zilikuja bila salamu. Eveline, aliyekuwa akisimamia kompyuta zote za Redio Tulivu, alikuwa ndiyo kwanza amekaa kwenye kiti chake ofisini Iringa, koti bado mwilini kwa ile baridi ya asubuhi, na tayari kichwa kimeanza kumgonga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekufa."

"Haujakufa, dada. Mbona tunaongea?"

"Hii ni bando yangu mwenyewe, mama, siyo mtandao wako."

"Basi niambie. Ulikuwa unafungua nini?"

"Ule ukurasa wa kuchukulia nyimbo."

"Unaitwaje?"

"Ule tu. Ule wa kijani."

Eveline akafumba macho. Angefanya nini? Dada Bupe hakuwa mtu wa kujibiwa hovyo. Alikuwa na studio ndogo ya redio hiyo kule Mbalizi, ghorofani juu ya duka la mabati, malori ya Tunduma yakipita chini na honi zao zikiingia hewani mara kwa mara. Sauti yake ilijulikana kuanzia Tukuyu mpaka Mafinga, kwa sababu ndiye aliyesoma matangazo ya vifo. Kila mchana watu waliacha jembe, wakaacha ng'ombe, wakasogelea redio wasikie nani katutoka na maziko ni lini. Huko Usangu ndani, simu inakoshika pale tu ukipanda kichuguu, Dada Bupe ndiye aliyekuwa mtandao wenyewe. Na mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba ukurasa wake wa kijani umezuiwa kwa usalama wake, anakusikia kama mtoto aliyemfungia mama yake jiko.

Mambo haya yote yalianzia kwenye wizi. Miezi kadhaa nyuma mtu asiyejulikana aliiba nywila ya ukurasa wa redio kule mitandaoni, akaugeuza duka la dawa za nguvu za kiume. Wasikilizaji waliamka wakakuta picha ya studio, picha ya askofu siku ya uzinduzi, na chini yake maelezo ya mzizi wa ajabu. Kuna walioandika "Amina" kwa mazoea tu. Askofu alipiga simu mwenyewe. Mkurugenzi, Mwalimu Sosthenes, mwalimu mstaafu ambaye kompyuta aliziogopa kama mtu anavyoogopa mbwa wa jirani, akamwita Eveline ofisini.

"Tafuta kitu," alisema. "Kitu cha kuzuia. Sitaki kusikia tena habari za mizizi."

Eveline akatafuta, akakipata. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Kwa hiyo kila ukiandika jina la ukurasa, kompyuta yako kwanza huuliza mahali fulani: huyu namba yake ni ngapi? Huduma hiyo ya kujibu majina ndiyo mafundi wanayoiita DNS. Programu aliyoipata Eveline ilikuwa inakaa njiani, kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi iliyoendeshwa na mfumo wa Linux, inasikiliza kila swali. Jina likiwa kwenye orodha ya matapeli, inakataa kujibu, na mtu anabaki nje ya mlango wa tapeli bila hata kujua kaponea wapi. Maelezo yalisema kuisimika ni kazi ya dakika chache, chai yako haitapoa.

Chai ilipoa. Ilimwagwa, ikapikwa nyingine, nayo ikapoa. Programu iligoma kuwaka, ikidai kwamba mlango namba hamsini na tatu, ambao maswali ya majina hupitia, una mtu tayari. Eveline alihangaika kumtafuta huyo mtu, akakuta ni kihuduma cha Linux yenyewe, kilichokuja na mfumo na kukaa pale bila kualikwa. Akakizima. Hapo seva nayo ikapoteza uwezo wa kuuliza jina lolote, ikawa kipofu, haiwezi hata kupakua ile programu iliyobaki nusu. Akafungua faili linaloiambia seva ikaulize wapi, akaandika kwa mkono, akahifadhi, akaizima seva na kuiwasha. Faili likarudi vilevile kama zamani, kana kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuligusa.

"Nani anakuandika wewe?" Eveline aliliuliza faili kwa sauti. "Nani? Jitokeze!"

Nyuma ya kioo cha studio, Joachim fundi sauti aligeuka kumtazama, kisha akageuza uso haraka.

Ilimchukua siku nzima na sehemu ya siku ya pili, lakini mwisho programu iliwaka. Rauta ya Iringa na ile ya Mbalizi, vile visanduku vya kugawa mtandao, zote zikaelekezwa kuuliza majina kwenye seva hiyo. Mwalimu Sosthenes alikuja kusimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni kama msimamizi wa mtihani.

"Sasa tuko salama?"

"Tuko salama zaidi kuliko jana, mwalimu."

"Mimi nimeuliza kama tuko salama."

Kusimika kumbe ilikuwa ndiyo raha yake. Taabu ilikuwa kuishi nayo. Joachim alilalamika kwamba ukurasa wake wa kubeti haufunguki, akasisitiza ni wa utafiti wa kipindi cha michezo. Mhasibu alipoteza tovuti ya mapishi. Mwalimu Sosthenes mwenyewe, aliyetaka kitu cha kuzuia, alituma ujumbe kwamba gazeti analosoma kila asubuhi lifunguliwe mara moja, tena na matangazo yake, maana ameshayazoea. Eveline alikagua kila jina, lililo safi akaliruhusu, lililo chafu akaliacha nje. Kila aliyeruhusiwa hakushukuru, na kila aliyekataliwa alimpita kwenye korido kama anapita nguzo ya umeme.

Lakini Dada Bupe, baada ya simu ile ya ukurasa wa kijani, alinyamaza kabisa. Hakupiga tena. Mwanzoni Eveline alifurahi. Kisha siku moja akipitia kumbukumbu za seva aliona jambo: kompyuta ya Dada Bupe ilikuwa haiulizi jina lolote. Kutwa nzima, vipindi vinatoka Mbalizi, nyimbo zinapakuliwa, matangazo yanaandikwa, na kompyuta haijauliza hata jina moja. Hiyo ilikuwa na maana moja tu. Kuna mtu kaingia kwenye mipangilio, kaiambia iende kuulizia majina kwingine, kwa seva za watu wa nje. Dada Bupe kapata uchochoro.

"Kijana mmoja wa simu hapa chini kanisaidia," alikiri bila aibu Eveline alipompigia. "Kabonyeza mahali pawili tu, kila kitu kikafunguka. Wewe umesoma miaka yote hiyo, lakini wewe ni kufunga tu."

"Dada, hiyo ndiyo kazi yake. Ikifunguka kila kitu, mwizi naye anapita."

"Mwizi wa nini? Mimi naandika nani kafa na anazikwa wapi. Ataiba misiba?"

Hapo ndipo Eveline aliposhindwa kuvumilia. Adhuhuri ya Alhamisi, bila kumwambia mtu, aliingia kwenye rauta zote mbili kutoka kiti chake na kuandika amri kwamba swali lolote la jina lisilopitia kwenye seva yake lisitoke nje, bali ligeuziwe kwenye seva hiyo. Uchochoro ukazibwa. Na kwa kuwa seva ilikuwa inaomba kuwashwa upya baada ya masasisho, akaona heri amalize yote kwa mkupuo mmoja. Akaiamuru izime na kuwaka, akachukua pochi, akashuka kwenda kula.

Hakusubiri kuiona ikiwaka. Alikuwa na hasira, na hasira ina njaa yake.

Alikuwa kwenye benchi la Mama Ntilie karibu na soko, sahani ya wali na maharage mbele yake, redio ya mama huyo ikiimba juu ya rafu. Wimbo wa kwaya ukakatika katikati. Kukawa kimya. Kisha ikasikika sauti iliyosongwa, kama inayotoka ndani ya kopo, sauti ambayo kila mtu pale benchini aliijua.

"...siwezi, Joachim! Nimeshasema siwezi! Mashine haioni chochote, haioni Iringa, haioni Mbeya, haimwoni hata Mungu! Huyu Eveline wenu anatufungia milango kama sisi ni kuku wake! Watu wana misiba hapa, baba wa watu amekuja tangu asubuhi, mimi nimwambie nini? Nimwambie Eveline hajaruhusu marehemu atangazwe?"

Kijiko kilikwama mkononi. Kijana mmoja alicheka mpaka akapaliwa.

"Huyo Eveline ana roho mbaya," alisema mama mwenye chakula, huku akimwongezea Eveline mchuzi.

Redioni Joachim alisikika kwa mbali akinong'ona, "Dada, uko hewani. Nimekuambia nakuunganisha. Uko hewani!"

Halafu Dada Bupe akakohoa, na sauti ikabadilika pale pale, ikawa ile nzito na ya upole ambayo mikoa miwili ilikuwa ikiingoja. "Ndugu msikilizaji, familia ya Mzee Budeba wa Usangu inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, Leokadia, kilichotokea usiku wa kuamkia leo. Habari ziwafikie Kulwa aliyeko Makambako, Peter aliyeko Mafinga, na ndugu wote popote walipo. Maziko ni kesho alasiri nyumbani kwa marehemu..."

Alisoma yote kwa simu, moja baada ya jingine, Joachim akiwa ameshikilia simu yake mbele ya maikrofoni mpaka tangazo la mwisho. Eveline hakuyasikia mengine. Aliacha wali, akakimbia kupanda mlima kurudi ofisini.

Seva ilikuwa imewaka vizuri kabisa. Ila masasisho yalikuwa yamekiamsha tena kile kihuduma cha mwanzo, kikauwahi mlango wake, na programu ya ulinzi ilipokuja kuwaka ikakuta pamekaliwa, ikajifia kimyakimya. Eveline alikuwa amefunga njia zote isipokuwa moja, kisha hiyo moja ikafa. Alikizima kihuduma, safari hii akakifunga kabisa kisiamke hata kwa masasisho, akawasha programu, na majina yakaanza kutiririka kwenye skrini. Mwalimu Sosthenes alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Toa," alisema.

"Mwalimu..."

"Askofu amesikiliza. Mkuu wa wilaya amesikiliza. Mke wangu amesikiliza, tena amecheka. Toa hicho kitu, Eveline."

"Kosa ni langu, mwalimu. Siyo la programu. Nilifunga bila kusema, nikawasha upya bila kungoja. Na seva iko moja tu, ikilala wote tunalala. Nipe nafasi niende Mbalizi, niweke ya pili kule. Ikishindikana, nitaitoa kwa mkono wangu."

Mwalimu alimtazama kama anayefikiria kumpa mwanafunzi mtihani wa marudio. "Na umwombe radhi yule mama," alisema.

Siku ya Jumatatu Eveline alishuka Mbalizi na kikompyuta cha zamani ndani ya begi, kile cha ofisini ambacho kilikuwa kimesahauliwa chini ya meza, ameshakiwekea Linux. Kwenye ngazi alikutana na Severina, binti wa mapokezi ambaye kazi yake ilikuwa kupokea matangazo kutoka kwa wananchi na kumpelekea Dada Bupe. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpokea Eveline begi.

Dada Bupe alimkaribisha kwa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, na kwa uso mgumu kama mabati ya dukani chini.

"Dada, nimekuja kuomba radhi," Eveline alisema. "Nilikufungia bila kukuambia. Haikuwa adabu."

"Haikuwa." Akamsukumia sahani. "Kula. Na mimi sikujua niko hewani. Lakini hata ningejua ningesema hivyo hivyo."

Eveline hakuelewa kama hiyo ilikuwa radhi au vipi. Akala.

Hawajamaliza, mzee mrefu mwenye kofia pana na fimbo mkononi akapanda ngazi. Alikuwa Mzee Budeba. Alikuja kushukuru: Kulwa na Peter wote walisikia, wote waliwahi maziko. Alishika mkono wa Dada Bupe kwa mikono yake miwili. Kisha akabaki amesimama, akizungushazungusha fimbo.

"Lakini kuna jambo linanisumbua, mama. Siku ile, nimetoka hapa kuleta tangazo, sijafika hata stendi, mtu ananipigia. Anasema yeye ni wa chumba cha maiti. Analijua jina la mama yangu. Anajua maziko kesho. Anataka nitume hela ndiyo watoe mwili. Na tangazo lilikuwa bado halijasomwa! Sasa alijuaje? Mama yangu kafia nyumbani, hakufika hospitali yoyote. Ndiyo maana nilimshtukia."

Dada Bupe aligeuka akamtazama Severina, na Severina akainama, machozi yakaanza upya.

Mzee alipokwisha kushuka, ndipo Eveline akaelezwa. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu kabla ya Pasaka familia kadhaa zilikuwa zimepigiwa simu za aina hiyo, saa chache tu baada ya kuleta matangazo. Namba za familia zilipitia mikono miwili tu, ya Severina na ya Dada Bupe.

"Na mimi najijua," Dada Bupe alisema. "Ndiyo maana simsemeshi. Mwisho wa mwezi anaondoka."

"Nimeapa kwa Biblia, dada," Severina alisema kwa sauti iliyokauka. "Nimeapa mara ngapi?"

Eveline aliweka kikombe chini. "Mkishayapokea, mnayaandika wapi?"

"Kwenye kompyuta yangu. Kwani wapi tena?"

Eveline akafungua kompyuta yake ndogo, akaingia kwenye seva ya Iringa, akatafuta kumbukumbu za Mbalizi. Tangu Alhamisi mchana, tangu uchochoro uzibwe, kompyuta ya Dada Bupe ilikuwa imerudi kuuliza majina kwake. Na katikati ya majina ya kawaida kulikuwa na moja la ajabu, mchanganyiko wa herufi usiotamkika, linaulizwa, linakataliwa, linaulizwa tena. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili yote.

"Jumapili nani alikuja hapa?"

"Hakuna. Jumapili vipindi vyote vinatoka Iringa. Hii naiacha inawaka tu."

"Basi iliuliza yenyewe. Tazama, dada. Hata sasa hivi hujaigusa."

Dada Bupe alivaa miwani, akainama. Mstari mwingine ukatokea mbele ya macho yake, jina lilelile, limekataliwa. Chini lori likapiga honi ndefu, lakini hakuna aliyeisikia.

Chanzo kilikuwa ndani ya kiprogramu cha kupakulia nyimbo, kile cha ukurasa wa kijani, ambacho Dada Bupe alikiweka mwenyewe mwanzoni mwa mwaka. Kilipakua nyimbo kweli. Ila orodha ya matapeli ililijua lile jina ambalo kilikuwa kikiulizia: ndiko kunakopelekwa kinachoandikwa kwenye kompyuta za watu, nywila zikiwemo. Eveline alikifuta, akaiwasha upya kompyuta, wakakaa wote watatu kutazama skrini. Jina lile halikuulizwa tena. Huo haukuwa ushahidi wa kupeleka mahakamani, na Eveline alisema hivyo. Aliyekuwa akipiga simu huenda wasingemjua kamwe. Lakini nywila ya ukurasa wa redio sasa walijua ilitokea mlango gani.

"Kwa hiyo," Dada Bupe alisema polepole, "kila nilichokiandika..."

"Kabla sijaweka programu, ndiyo. Ilipokuwepo ilikuwa inazuia. Ulipopita uchochoroni, kikatoka tena."

Eveline alikuwa ameisubiri kwa wiki nyingi nafasi ya kusema maneno hayo. Alikuwa ameyasema bafuni, ameyasema akipika. Sasa yalipotoka, akamwona mama wa watu amevua miwani na kushika paji la uso, hayakuwa na utamu wowote.

Dada Bupe alisimama. Alikwenda mpaka kwenye meza ya mapokezi, na kwa mara ya kwanza tangu Eveline amjue, sauti ile ilikosa maneno. Akaianza sentensi mara mbili, akaiacha. Mwisho akavuta kiti, akakaa mbele ya Severina.

"Mwanangu, nilikusingizia."

Severina alijifuta pua kwa ukingo wa kitenge, akageukia dirishani.

"Nimesema nilikusingizia. Tena mbele za watu. Nitasema mbele za watu hao hao kwamba sivyo."

"Mama yangu alisikia, dada," Severina alisema. "Kanisani walimwambia. Nenda kamwambie mama yangu kwanza."

"Nitakwenda."

"Leo."

"Leo," Dada Bupe alisema, na akaondoka leo hiyo, mchana, baada tu ya matangazo, na Severina akatangulia mbele bila kumngoja.

Eveline akabaki peke yake na kikompyuta chake cha zamani. Mlango namba hamsini na tatu ulikuwa na mtu, bila shaka. Alimtoa. Faili lilijiandika upya, alilifunga lisiandikike. Rauta ya Mbalizi akaiambia iulize hapo kwanza, ikishindikana ndipo iulize Iringa, na ya Iringa vivyo hivyo kwa kinyume. Kisha akampigia Joachim, akamwomba aizime seva ya Iringa kabisa, aichomoe ukutani. Joachim aliuliza mara mbili kama ana hakika. Akachomoa. Kwaya ikaendelea kuimba, Mbalizi na Iringa, bila kukohoa.

Mwalimu Sosthenes hakusifu, alisema tu kwamba sasa asisikie tena habari za maiti. Severina hakuondoka mwisho wa mwezi, ingawa ilichukua muda mrefu kabla hajaanza tena kumletea Dada Bupe chai. Na sokoni Iringa, kwa miezi kadhaa, watu waliomtambua Eveline walimuuliza kama leo ameruhusu waingie.

Wiki chache baadaye seva ya Mbalizi iliomba kuwashwa upya. Eveline aliweka kidole kwenye kibonyezo, akakiondoa, akapiga simu.

"Shikamoo, dada. Naomba kugusa mashine yako. Ni ya kuwasha upya tu."

"Marahaba. Habari za Iringa?"

"Nzuri, dada. Baridi."

"Nina matangazo manne hapa. Ngoja nimalize."

"Nangoja," alisema Eveline, akapangusa miwani yake kwa pindo la koti, akangoja.